Uzi: Chaki yangu, mvua ya London na kaunta ya baa ya mwaka 1898

FundiRanda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Juzi kwenye ule uzi wa majengo ya zamani ya Dar, kuna mdau aliuliza kwa nini Uingereza majengo ya zamani yanatunzwa na kwetu yanabomolewa. Nilicheka peke yangu kwenye treni. Huku nako wanabomoa, tena wengine wanavizia sikukuu. Tofauti ni kwamba huku kuna watu wanaoishi kwa kuokota kilichobaki, na mimi ni mmoja wao.

Ni seremala, mtoto wa seremala wa Tanga. Niko London tangu 2011, na kwa miaka tisa sasa niko karakana moja inayokarabati mbao za majengo ya zamani. Milango, ngazi, madirisha yale ya kupandisha na kushusha kwa kamba. Ila kazi iliyoninasa ni ya baa. Wenyewe wanaziita pabu.

Kwa wasiozijua: baa ya Kiingereza ya mwishoni mwa karne ya 19 haina uhusiano wowote na viti vya plastiki na kreti. Miaka ya 1896 hadi 1899 hivi, kampuni za bia zilikuwa zinagombania wateja London kama mwendawazimu. Walikopa, wakajenga, wakapamba, mpaka soko likaanguka 1899. Hela ile iliyeyuka ila mbao zilibaki. Kaunta ya mahogani. Nyuma yake kabati refu mpaka darini lenye vioo na nguzo za kuchongwa. Madirisha ya vioo vilivyochorwa kwa asidi ili mwanga uingie lakini mpita njia asione nani kalewa. Ukutani vigae vya rangi, kwa sababu vinaoshwa kwa kitambaa na vinang'aa chini ya taa za gesi. Darini karatasi nene ya nakshi iitwayo Lincrusta, iliyobuniwa 1877, ukiigusa utadhani ni plasta iliyochongwa.

Na ndani hakukuwa na ukumbi mmoja. Kulikuwa na vyumba vidogo vidogo, kila tabaka na mlango wake. Pale Maida Vale iko Prince Alfred, nendeni mkaione. Vigawanyo bado vipo, na ili upite kutoka chumba hadi chumba unainama kwenye kilango kifupi kama cha banda la mbuzi. Juu ya kaunta kuna vidirisha vya kioo vinavyozunguka, usawa wa uso. Bwana mkubwa alikuwa anakifunga ili mhudumu asimtambue, anakifungua kidogo kuagiza, anakifunga tena.

Sasa mkasa wangu.

Mwaka wangu wa pili karakanani, tulipewa baa moja iliyofungwa kusini mwa mto, sitaitaja. Mwenye jengo alipata vibali vya fleti, haikuwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Tukaambiwa: mna siku mbili, chukueni kaunta na kabati lake, siku ya tatu katapila linaingia. Tulikuwa watu watatu.

Kaunta ilikuwa na urefu wa kama mita saba, imekunjwa kona mbili, na paneli kumi na tisa mbele. Kazi ya kufungua ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Wale mafundi wa zamani walitumia gundi ya mifupa na ngozi za wanyama, na gundi ile ukiipa maji ya moto na mvuke inaachia. Kiungo kinafunguka kizima, ulimi unatoka kwenye tundu lake kama uliingia jana. Jaribu hivyo kwa gundi nyeupe ya leo, utatoka na vipande.

Jioni ya siku ya pili tulishusha kioo kikubwa cha katikati. Nyuma yake kwenye ubao mtupu kulikuwa na maandishi ya penseli. Tarehe ya Novemba 1898, herufi mbili za jina, na chini yake maneno mawili tu: mvua tena.

Nilisimama pale. Fundi mwenzangu, miaka mia na zaidi nyuma, kachoka, kalowa, kaandika mahali ambapo hakuna mteja angewahi kuona.

Zile paneli kumi na tisa nilizipa namba mwenyewe. Kwa chaki, upande wa mbele, kwa sababu nilikuwa na haraka na chaki ndiyo iliyokuwa mfukoni. Tukapanga kila kitu yadini chini ya turubai. Usiku turubai likapeperuka, na mvua ikanyesha mpaka alfajiri.

Penseli ya yule jamaa ilikaa zaidi ya karne. Chaki yangu haikumaliza usiku mmoja.

Mtasema paneli si zinafanana? Zinafanana kwa macho. Kila moja ilirandwa iingie nafasi yake, hii imezidi milimita mbili kushoto, ile imekatwa kufuata sakafu iliyoinama. Siku nne nilizunguka nazo, nikapanga kumi na moja. Mnunuzi aliyetaka kaunta nzima kwa ajili ya mgahawa wake alikuja, akaangalia, akashukuru, akaondoka. Bosi akaiuza vipande. Paneli nne zikawa kichwa cha kitanda cha mtu. Ubao wa juu ulienda saluni. Kabati lilikatwa katikati ili liingie kwenye fleti.

Sijawahi kutumia chaki tena. Karibuni, maswali ruksa.

---

Kapuku_wa_Buza

Nimewahi siti ya mbele. Ila mkuu, kweli unakaa siku nne unalilia mbao za baa? Huku kwetu baa ikivunjwa tunagombania mabati.

---

FundiRanda

Kapuku, na wewe ukigombania mabati unafanya kazi ileile ninayofanya mimi, tofauti ni bei.

---

Abu_Rayhan

Uzi umeandikwa vizuri, Mwenyezi Mungu akulipe kwa elimu. Lakini niseme linalonikera. Tunahangaika kuokoa nyumba ya pombe? Ikibomoka si heri? Wangekuwa wanaokoa msikiti au shule ningeelewa.

---

FundiRanda

Shehe wangu, sijachukia hata kidogo, swali hili hata marehemu baba aliniuliza kwa simu. Mimi mwenyewe sinywi. Nikiingia kupima kazi naagiza chai, wananiangalia, wananizoea.

Nilimjibu mzee hivi: kaunta haijanywa. Aliyeichonga aliweka mikono yake pale, na mti wenyewe uliletwa kwa meli kutoka upande wa pili wa bahari na hautapatikana tena kwa unene ule. Mtu akitaka kugeuza jengo likawa zahanati au maktaba sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na katapila. Na kwa mitaa mingi huku, baa ndiyo ilikuwa baraza. Hapo ndipo watu walichangia misiba, vyama vya wafanyakazi vikakutana, timu za mpira zikaanzishwa. Kama vile kwetu unavyoweza kutopenda kahawa lakini ukajua kijiwe cha kahawa ni nini.

---

Abu_Rayhan

Kijiwe umenimaliza. Endelea, nasoma.

---

MtuMzima_Brum

Kwa waliosema wanavizia sikukuu, nendeni hatua moja mbele. Mimi nipo Birmingham, na nilikwenda kuiona Crooked House kabla haijafa. Kijiji cha Himley, Staffordshire. Ilijengwa 1765 kama nyumba ya shamba, baadaye ikawa baa. Chini yake walichimba makaa ya mawe, ardhi ikatitia, upande mmoja wa nyumba ukazama. Hawakubomoa, wakaweka miega, wakaendelea kuuza bia.

Ukiingia kichwa kinazunguka kabla hujanywa chochote. Madirisha yameinama, saa ya ukutani inaonekana imepinda wakati ndiyo pekee iliyonyooka. Wanakupa gololi unaiweka mezani, inapanda mlima. Ni macho tu yanadanganywa kwa sababu chumba chote kimelala, lakini nilirudia mara sita kama mtoto.

Agosti 5, 2023 ikaungua. Agosti 7 katapila likaisawazisha. Siku mbili. Watu wa pale walikwenda kukesha wakilinda matofali yasiibwe. Februari 2024 halmashauri ya South Staffordshire ikatoa amri ijengwe upya kama ilivyokuwa.

---

Kapuku_wa_Buza

Ijengwe upya IKIWA IMEPINDA? Fundi anapima kwa pima maji ili ukuta usinyooke? Hii kazi naitaka, mimi hata bila kuambiwa ukuta wangu unapinda.

---

FundiRanda

Hahaha Kapuku umenifanya nimwage chai.

Lakini kujenga upya si ndoto. Kipo kisa kilichokamilika, na ni karibu na ninapokaa: Carlton Tavern, Kilburn. Ilijengwa 1920 na 1921, ya kampuni ya bia ya Charrington, baada ya ile ya mwanzo kuharibiwa na mabomu ya Wajerumani kwenye Vita vya Kwanza. Vita vya Pili vikafagia mtaa ule, yenyewe ikasimama.

Mwenye nayo alitaka kubomoa ajenge fleti, halmashauri ya Westminster ikakataa mapema 2015. Wakati huohuo taasisi ya taifa inayosimamia majengo ya kihistoria ilikuwa inajiandaa kuiingiza kwenye orodha. Jumatatu ya Pasaka mwendesha baa akaambiwa afunge, eti wanahesabu mali. Jumatano, Aprili 8, katapila. Watu walitoka nyumbani wakakuta nusu ya baa, ngazi inaning'inia, vigae vimekatika katikati ya herufi.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo ilipookolewa. Wenyeji walikuwa wameshanusa. Wiki kadhaa nyuma walikuwa wameomba jengo lipimwe, lipigwe picha, na vigae vichukuliwe nakala kwa kumimina plasta. Kila kitu kilikuwa kwenye makabrasha kabla nyundo ya kwanza haijapigwa. Kwa hiyo halmashauri ilipoagiza ijengwe upya tofali kwa tofali, mmiliki akakata rufaa na uchunguzi wa wazi ukakaa 2016, hakukuwa na pa kusema "hatujui ilikuwaje". Ilijulikana mpaka unene wa kona ya plasta.

Ilifunguliwa Aprili 2021. Nimeingia. Matofali na vigae vingine ni vya zamani vilivyochaguliwa kwenye kifusi. Ukisimama karibu na ukuta unaona vigae vyenye nyufa kama nywele na vingine laini kabisa, unajua kipi kilikufa na kipi kilifufuka. Kusema kweli harufu bado ni ya jengo jipya. Lakini wazee wa mtaa wamekaa kona ileile.

---

MamaTatu_Leeds

Kaka FundiRanda, mimi si fundi, mimi ni msafishaji. Nimefanya usafi baa mbalimbali hapa Leeds miaka sita na nataka niongeze kidogo.

Hapa Leeds kulikuwa na kiwanda cha vigae na vyombo vya udongo, Burmantofts. Kaunta zao nyingine hazikuwa za mbao kabisa, zilikuwa za vigae vya kuchongwa, kijani, kahawia na rangi ya asali. Garden Gate pale Hunslet ni kama kasri, mbele nzima ni vigae. Na kuna Whitelock's, ndani kichochoroni katikati ya mji, ilianza 1715, kaunta juu shaba, mbele vigae.

Baa moja niliyosafisha, siitaji, meneja mpya alikuja na wazo la kung'arisha vigae. Akaleta dawa ya choo yenye asidi. Nikamwambia, bosi, mimi natumia maji vuguvugu na sabuni kidogo na kitambaa cha pamba, hii itakula. Akanijibu mimi nisafishe tu. Wiki tatu baadaye ile ngozi ya kioo juu ya kigae ikafifia, ikawa kama jicho lenye mtoto wa jicho. Hairudi ile.

Katapila linapigiwa kelele. Dawa ya choo hakuna anayeiandamania.

---

FundiRanda

Dada, umesema kitu ambacho maprofesa wanakiandika kurasa arobaini. Heshima kwako. Kaunta za vigae zimebaki za kuhesabika nchi nzima, na aliyezibakiza ni mtu mwenye ndoo na kitambaa.

---

DalaliMkuu

Mkuu twende kwenye pesa. Hizo yadi zinazouza vitu vilivyookolewa kwenye majengo zikoje? Mtu anaweza kununua huko akaleta kontena Dar? Kuna mahoteli yanataka hizo mbwembwe.

---

FundiRanda

Dalali nilijua utakuja.

Yadi ni za aina nyingi. Kuna za wakubwa kama LASSCO, walianza 1979 ndani ya kanisa lililoachwa pale Shoreditch, sasa wako kwenye jumba la kifahari la zamani Vauxhall. Pale unaingia na viatu safi, meko ya marumaru ina kibandiko chenye historia yake. Halafu kuna yadi za kawaida, tope mpaka kwenye vifundo, masinki yamepangwa kama meno, milango mia tatu imeegemezana, na mzee mmoja anayejua kila bawaba imelala wapi.

Biashara kubwa wala si kaunta, ni matofali. Na hapa kuna somo dogo la ujenzi. Nyumba za zamani zilijengwa kwa udongo wa chokaa. Chokaa ni laini kuliko tofali, ukigonga kidogo inaachia, tofali linatoka safi, linajenga tena. Saruji ni ngumu kuliko tofali la zamani, inang'ang'ania. Ukigonga linavunjika tofali, saruji inabaki inakucheka. Kwa hiyo nyumba ya 1890 inauzika tofali kwa tofali, ya 1970 mara nyingi inaishia kuwa kokoto. Mwenye macho anaangalia kwanza kwenye maungio kabla ya kuangalia uso wa tofali.

Kuleta Dar: inawezekana. Lakini ukinunua uliza mambo haya bila aibu. Kimetoka jengo gani? Nani alitoa ruhusa? Jengo likiwa kwenye orodha hapa England, hata kaunta iliyofungwa ukutani huhesabiwa ni sehemu ya jengo. Kuing'oa bila kibali ni kosa la jinai, si faini ya kuegesha gari. Muuzaji akianza "aah, imetoka kaskazini huko", wewe rudi kwenye gari.

Na ushauri wa bure: mbao zilizokaa miaka mia kwenye hewa ya London ukizishusha kwenye hewa ya Dar zinaweza kuvimba, kupinda au kupasuka. Zipe miezi kivulini kabla hujazigusa.

---

DalaliMkuu

Miezi? Kontena linakula pesa bandarini mkuu.

---

FundiRanda

Basi fanya biashara ya vitunguu.

---

BintiShangani

Assalaam alaykum kaka. Miye niko Unguja, nimefanya kazi na mafundi wa majumba ya Mji Mkongwe. Hayo ya chokaa na saruji umenigusa penyewe. Majumba yetu ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Akija mtu na saruji yake akapaka ukuta "uimarike", unyevu unakwama ndani, hauna pa kutokea, boriti zinaoza kwenye vichwa vyake pale zinapoingia ukutani. Nje ukuta mzuri mweupe, ndani unaliwa.

Na ya milango ndiyo yetu hasa. Hapo ulipoeleza paneli kumi na tisa nimeona mlango. Watu wanadhani mlango ni zile mbao mbili. Mlango ni fremu, ni miimo yake, ni nakshi ya juu, ni mfaa wa katikati, ni kizingiti, na ni ule ukuta ulioukumbatia. Mtu akinunua mbawa mbili akaenda kuzifanya meza ya kioo, huyo kanunua mbao. Nimeona meza za namna hiyo kwenye mahoteli mpaka nikaacha kuhesabu. Na ule upande uliobaki umezibwa kwa bati au kwa geti la chuma.

Tena mlango unasema. Ule wa juu mraba na ule wa juu tao si umri mmoja. Tao na maua yale yaliyojaa vimeshamiri mwishoni mwa karne ya 19 pamoja na mafundi wenye mkono wa Kihindi. Ukiuondoa ukaupeleka nyumba nyingine, umedanganya nyumba mbili kwa mpigo.

---

FundiRanda

Wa alaykum salaam dada yangu. "Umedanganya nyumba mbili kwa mpigo", hii nitaibandika karakanani.

Kwa watu wa bara nao wasijione wako huru: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaitaja milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Dalali, unasoma?

---

DalaliMkuu

Nimehamia kwenye vitunguu.

---

Njuguna_Tao

Nasoma nikiwa Nairobi. Swali la kweli: mnatetea vitu vya wakoloni. Hizo baa zenu, hizo hoteli za kizungu hapa kwetu, babu yangu aliingia kupitia mlango wa jikoni tu. Kwa nini nisifurahi ikianguka?

---

FundiRanda

Njuguna, hilo sina jibu la kukufunga mdomo, na sitaki kukufunga.

Nikueleze tu ninachokiona kazini. Zile baa za huku zilijengwa kwa ubaguzi wa tabaka waziwazi. Mlango wa bwana, mlango wa kibarua, kile kidirisha cha kujificha uso. Miaka ya sitini na sabini kampuni za bia ziling'oa vigawanyo, wakafanya ukumbi mmoja wenye zulia, na leo kijana anakaa pale hajui kama babu yake hakuruhusiwa kona ile. Prince Alfred unainama kwenye kile kilango na unaelewa kwa mgongo wako. Mlango wa jikoni aliopitia babu yako ukivunjwa, ushahidi nao unaondoka na kontena la takataka. Lakini wa kuamua ni ninyi, si mimi niliyekaa Kilburn.

---

Njuguna_Tao

Sawa. Wacha wabaki na mlango wa jikoni basi, wauandike jina.

---

MtuMzima_Brum

Niwape moyo kidogo maana uzi umekuwa wa misiba. Black Friar pale London, ndani watawa wa shaba na marumaru wamejaa kuta zote, kazi iliyoanza 1905, miaka ya sitini nusura ibomolewe. Watu wakapiga kelele, mshairi John Betjeman akiwa mbele, ikabaki. Crown ya Belfast inamilikiwa na shirika la hifadhi la National Trust tangu 1978. Vibanda vyake vina milango na kengele ya kumwita mhudumu, na hoteli ya ng'ambo ya barabara ililipuliwa mara nyingi zama za machafuko ya Ireland ya Kaskazini lakini baa ikakarabatiwa na ipo. Na Philharmonic ya Liverpool, iliyojengwa 1898 hadi 1900, mwaka 2020 ikapandishwa daraja la kwanza kabisa la ulinzi.

---

Kapuku_wa_Buza

Philharmonic si ndiyo ile yenye choo cha wanaume cha marumaru ya pinki, watalii wanapiga picha?

---

MtuMzima_Brum

Ndiyo hiyohiyo. Kojo lako linalindwa na serikali.

---

Fundi_Chipukizi

Mkuu FundiRanda, niko VETA mwaka wa pili, useremala. Tuambie basi unafanyaje siku hizi badala ya chaki?

---

FundiRanda

Mdogo wangu, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri tangu ukurasa wa kwanza.

Kabla sijagusa bisibisi nachora. Karatasi ya kawaida, mchoro mbaya tu, kaunta ikionekana kutoka juu na kutoka mbele. Kila kipande kinapewa herufi ya upande na namba. Halafu napiga picha za moja kwa moja, rula ikiwa ndani ya picha, halafu za pembeni taa ikiwa chini ili alama za randa zionekane.

Namba inaandikwa nyuma, kwa penseli, ambapo hakuna polishi. Juu yake nafunga kipande cha bati la kopo nililogonga namba kwa msumari, kwa waya, kupitia tundu la skrubu lililokuwepo. Sitoboi tundu jipya. Skrubu za kipande hicho zinakaa kwenye mfuko wenye namba hiyohiyo. Skrubu za zamani msitupe, ya leo haikai vizuri kwenye tundu lile.

Ukitaka kujua polishi ni ya aina gani, chukua pamba yenye spiriti, gusa mahali pasipoonekana. Ikilainika na kunata ni shelaki, unaweza kuifufua bila kukwangua. Usianze na msasa. Msasa unafuta mkono wa mtu.

Na kabla ya yote hayo, geuza kila kipande uangalie nyuma kama kuna alama. Wale waliotutangulia nao walikuwa wanafungua na kufunga. Walitengeneza karakanani, wakabeba kwa mkokoteni, wakapanga upya kwenye baa. Kwa hiyo mara nyingi namba zao zipo, mikato ya patasi, mistari, vitone. Mimi kwenye zile paneli kumi na tisa sikuangalia kwanza. Niligundua baadaye, paneli ya mwisho ikiwa tayari kwenye gari la mteja: pembeni kwenye ukingo, mikato midogo saba. Alikuwa ameshazipa namba mwenyewe tangu 1898.

---

Kapuku_wa_Buza

Aisee. Hapo sina utani.

---

MamaTatu_Leeds

Kaka pole. Na ule ubao wenye maneno ya mvua ulienda wapi?

---

FundiRanda

Upo kwangu dada. Bosi aliniachia, alisema hauna soko. Umening'inia jikoni, upande wa maandishi ukiangalia ukuta kama alivyouacha mwenyewe. Mgeni akija namgeuzia.

---

Fundi_Chipukizi

Mkuu samahani narudi. Baada ya kusoma nimetoka nimekwenda kwa bibi hapa Pangani. Mlango wake wa mbele ni wa nakshi, wajomba wanataka kuuza waweke wa chuma. Nimemulika na simu. Kwenye mwimo wa kushoto, upande wa ndani, chini kabisa karibu na kizingiti, kuna mikato mitatu. Na kwenye mbao ya juu kuna mitatu pia. Ndiyo zenyewe?

---

FundiRanda

Huenda ndizo. Usiguse kitu, usifute vumbi.

Angalia mwimo wa kulia. Kama una mikato minne, au mitatu yenye mkia, nitumie picha usiku huu. Weka simu chini sakafuni, taa iangaze kutoka ubavuni, usiwashe ile ya mbele. Na waambie wajomba wasubiri hadi Jumapili, nitawapigia mwenyewe.